Ambako ndege ndiyo matatu: Maisha ya rubani katika baridi ya Alaska

Ni saa nne asubuhi mwezi wa Desemba, na bado ni giza totoro. Katika uwanja wa ndege wa Bethel, mji mdogo ulioko magharibi mwa Alaska, rubani anaizunguka ndege yake akiwa na kurunzi mkononi. Amejifunika gubigubi, macho tu ndiyo yanayoonekana, na pumzi yake inaganda kwenye ndevu kabla haijapotea hewani. Anavua glavu moja kwa nukta chache tu, anapitisha kiganja juu ya bawa, kisha anairudisha glavu upesi. Anatafuta jalidi, yaani ule umande ulioganda na kukwaruza kama msasa.

Msomaji, huenda wewe ni mkazi wa Limuru au Kinangop na unadhani kwamba mwezi wa Julai umekufundisha yote kuhusu baridi. Pole. Huko Alaska, mnamo Januari 23, 1971, mahali paitwapo Prospect Creek, kipimo kilishuka hadi nyuzi 62 chini ya sufuri. Hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika Marekani nzima. Bethel haifiki huko, lakini nyuzi 30 chini ya sufuri si habari ya kumshangaza mtu. Katika hali kama hiyo ndimo rubani huyu anamotafuta riziki yake, kama vile dereva wa matatu anavyoitafuta yake katika barabara ya Thika.

Na mfano huo wa matatu si mzaha. Alaska ni kubwa takriban mara tatu ya Kenya, lakini sensa ya mwaka wa 2020 ilihesabu watu 733,391 pekee, idadi ambayo haiwezi hata kujaza baadhi ya kaunti zetu. Zaidi ya asilimia 80 ya miji na vijiji vyake haiwezi kufikiwa kwa barabara. Hata Juneau, ambao ndio mji mkuu, hauna barabara ya kuuunganisha na sehemu nyingine za nchi. Anayetaka kwenda kumwona gavana sharti apande ndege au meli.

ARDHI ILIYONUNULIWA

Alaska ilikuwa mali ya Urusi hadi mwaka wa 1867, Marekani ilipoinunua kwa dola milioni 7.2. Wapo Wamarekani walioicheka serikali yao kwa kununua sanduku la barafu. Baadaye dhahabu ilipatikana, kisha mafuta, na vicheko vikakoma. Mnamo Januari 3, 1959 ikafanywa jimbo la 49.

Bila shaka wenyeji walikuwapo zamani sana kabla ya Warusi na Wamarekani. Katika tambarare kubwa iliyo kati ya mito ya Yukon na Kuskokwim, ambako ndiko uliko mji wa Bethel, wenyeji ni Wayup'ik. Wao huishi kwa kuvua samaki, kuwinda na kuchuma matunda ya mwituni, na wengi wao wangali wanazungumza lugha ya mababu zao. Bethel ina watu wapatao 6,300 na iko kilomita 640 hivi magharibi mwa Anchorage, jiji kubwa kuliko yote jimboni. Kuizunguka kuna vijiji zaidi ya 50, vingi vikiwa na watu mia chache tu.

Wakati wa kiangazi watu husafiri kwa mashua mtoni. Wakati wa baridi kali mto huganda, barafu ikawa nene hata magari, zikiwemo teksi, hupita juu yake kana kwamba ni lami. Lakini kuna majuma ya Oktoba na Novemba ambapo barafu ni nyembamba mno kubeba gari na nene mno kupitisha mashua. Hali huwa hivyo tena mwezi wa Mei, barafu inapopasuka. Nyakati hizo njia iliyobaki ni moja tu, nayo ni ya juu.

MWALIMU ALIYESHINDANA NA MBWA

Zamani barua za sehemu hizo zilibebwa na mbwa wa kukokota sleji. Kisha, mnamo Februari 21, 1924, mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliyeitwa Carl Ben Eielson aliruka kutoka Fairbanks hadi McGrath akiwa na magunia ya barua katika ndege ambayo rubani wake alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni. Alitumia muda usiozidi saa tatu. Mbwa walikuwa wakitumia zaidi ya majuma mawili katika njia hiyo. Aliporudi Fairbanks giza lilikuwa limekwisha kuingia, na ndege ikapinduka alipotua, ingawa mwenyewe alitoka salama. Baada ya safari chache na ndege kuharibika tena, wakuu wa posta walikatiza kazi hiyo.

Mwaka uliofuata, yaani 1925, ugonjwa wa dondakoo uliuvamia mji wa Nome, na watoto wakaanza kufa. Dawa ilikuwako mbali. Kulikuwa na mabishano makali kama itumwe kwa ndege au kwa mbwa. Ndege chache zilizokuwako Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande na kuwekwa ghalani kwa ajili ya majira ya baridi, na hazikuwa na kibanda cha kumkinga rubani. Basi kazi wakapewa mbwa. Waendeshaji 20 walipokezana dawa hiyo kwa kilomita 1,085, na ikafika Nome baada ya siku tano na nusu.

Hata hivyo, siku za mbwa zilikuwa zinahesabika. Marubani kama Noel Wien, ambaye mwaka wa 1924 alikuwa wa kwanza kuruka kutoka Anchorage hadi Fairbanks, walizidi kuifungua nchi. Bob Reeve wa Valdez alijipatia jina kwa kutua juu ya mito ya barafu milimani, akiwapelekea wachimba migodi vifaa vyao. Don Sheldon, wa kijiji cha Talkeetna, aliwatua wapanda milima katika mbavu za Denali, mlima wenye urefu wa mita 6,190, ambao unaupita hata Kilimanjaro.

Lakini anga ilidai malipo yake. Yule Eielson, mwalimu aliyeanza yote, alipotea Novemba 1929 pamoja na fundi wake, Earl Borland, walipokuwa wakienda Siberia kuokoa watu na shehena ya ngozi katika meli iliyokwama kwenye barafu. Miili yao ilipatikana mwezi wa Februari mwaka uliofuata.

DEREVA NDIYE UTINGO

Turudi Bethel, tuone rubani wa leo anafanya nini.

Kwanza, asikudanganye mtu kwamba kazi yake ni kukaa kwenye kiti huku amevaa shati jeupe lenye nyota mabegani. Ndege anayoendesha ni ndogo: huenda ni Cessna 207 yenye viti saba, au Cessna Caravan, ile ile ambayo ukisimama nje ya uwanja wetu wa Wilson utaiona ikipeleka watalii Maasai Mara. Hapana mhudumu wala mpakiaji. Rubani mwenyewe hubeba mizigo, huipima, huipanga na kuifunga kwa nyavu isije ikahama ndege inapoinama. Huwauliza abiria uzito wao, na hapo hakuna kuoneana haya. Mwanamke mnene na mwanamume mnene wote hutaja kilo zao, maana ndege ndogo haijui adabu. Ikizidishiwa mzigo, au mzigo ukirundikwa nyuma, inaanguka.

Na ni mizigo gani hiyo? Ni maisha yote ya kijiji. Tangu mwaka wa 1972 posta ya Marekani imekuwa na mpango maalumu wa Alaska ambao kwao bidhaa za maduka hutoka kwa muuzaji moja kwa moja hadi kwa kampuni za ndege, zikihesabiwa kama barua. Ndiyo maana katika "barua" za rubani utakuta makreti ya soda, nepi za watoto, unga, mayai, vipuri vya jenereta na mbao. Siku nyingine hubeba timu ya mpira wa kikapu ya shule, ikienda kucheza na shule jirani iliyo umbali wa kilomita 100. Siku nyingine hubeba jeneza, na waombolezaji hukaa kimya kando yake mpaka nyumbani.

Kijijini hakuna jumba la abiria. Kuna ukanda wa changarawe uliofunikwa na theluji, na watu wawili watatu waliokuja kwa magari ya thelujini kupokea wageni wao. Rubani anashusha, anapakia, anapaa. Huenda akatua mara kumi au zaidi kwa siku moja.

BARIDI ILIVYO ADUI, NA ILIVYO RAFIKI

Adui wa kwanza ni injini yenyewe. Baridi ikizidi, oili huwa nzito kama lami, na ukilazimisha injini kuwaka utaivunja. Marubani wa zamani, kila walipolala ugenini, walikuwa wakiimwaga oili ikingali moto, wakaingia nayo ndani na kuiweka kando ya jiko kama chungu cha maharagwe. Asubuhi waliipasha moto, wakafunika pua ya ndege kwa turubai, wakawasha jiko la mafuta chini yake, na kukaa hapo wakilichunga ili ndege isiteketee. Siku hizi injini huvikwa blanketi nene na kupashwa moto kwa umeme, lakini kanuni ni ile ile: injini hulala na nguo.

Adui wa pili ni lile jalidi juu ya bawa. Wataalamu wa usalama wa anga wanasema kwamba ganda dogo tu, lenye mkwaruzo wa msasa, laweza kupunguza nguvu ya bawa ya kuinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Ndege itakimbia, itanguruma, huenda hata ikanyanyuka kidogo, kisha irudi chini kwa kishindo. Ndiyo sababu rubani hupapasa kila bawa kwa mkono.

Aidha, zile ndege zinazotumia skii badala ya magurudumu zina kisa chao. Skii zikisimama juu ya theluji zingali na joto la msuguano, hugandamana na theluji kabisa, ndege isitikisike hata injini ikinguruma namna gani. Dawa yake ni kuziegesha juu ya magogo au matawi ya miti.

Lakini baridi ina wema wake pia. Hewa baridi ni nzito, na bawa huipenda hewa nzito. Marubani wetu wa Wilson, ambao huondoka kwenye uwanja ulioinuka takriban mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, wanajua jinsi ndege inavyochoka katika hewa nyepesi wakati wa jua kali. Mwenzao wa Bethel, kwenye tambarare iliyo karibu sawa na bahari, hupaa kama mwewe.

Hata wema huo una hila ndani yake. Kipimo cha urefu ndani ya ndege hutegemea mgandamizo wa hewa, na hewa ikiwa baridi mno kipimo hukwambia kwamba uko juu kuliko ulivyo. Rubani anaweza kudhani amelipita kilele cha mlima, kumbe kilele kiko mbele ya pua yake.

WEUPE USIOKUWA NA MWISHO

Muulize rubani yeyote wa kaskazini anaogopa nini, na huenda asikutajie baridi. Atakutajia weupe. Siku ambayo mawingu ni meupe na ardhi ni nyeupe, bila mti wala jiwe, upeo wa macho hutoweka. Hakuna juu wala chini. Ni kama kuruka ndani ya kikombe cha maziwa. Wapo marubani waliogonga ardhi wakidhani wangali juu angani. Wazee wa kazi hiyo, walipotaka kutua mahali kama hapo, walipita mara ya kwanza wakidondosha matawi ya misonobari, ili wakirudi macho yapate kitu cheusi cha kupimia umbali.

Tena kuna kiza. Mwishoni mwa Desemba Bethel hupata mwanga wa jua kwa saa tano na nusu hivi tu. Kaskazini zaidi, katika mji wa Utqiagvik, ambao hadi mwaka wa 2016 uliitwa Barrow, jua huzama katikati ya Novemba na halionekani tena mpaka kama Januari 23.

NENO GUMU KULIKO YOTE

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha kazi hii. Ugumu wake mkubwa hauko katika kuiendesha ndege. Uko katika kusema hapana.

Chukua mfano wa mama mjamzito. Vijijini kuna zahanati ndogo zinazohudumiwa na wenyeji waliofunzwa huduma za afya, lakini kujifungulia huko ni hatari. Kwa hiyo kila mama hupewa tarehe ambayo sharti awe amefika Bethel, mwezi mmoja hivi kabla ya siku zake. Huiacha familia yake, huwaacha watoto wengine kwa nyanya yao, akapanda ndege kwenda kungojea katika nyumba ya akina mama iliyo karibu na hospitali. Sasa mimba haisomi kalenda. Uchungu ukianza mapema, au mtoto mchanga akishikwa na homa ya mapafu usiku, simu inalia, na nje theluji inavuma.

Kila mtu kijijini anamjua rubani kwa jina, na rubani anamjua yule mama. Juzi alimletea nepi, jana alimpeleka mumewe kwenye mazishi. Moyo unasema nenda. Macho yanatazama dirishani na hayaoni hata taa za njia ya kurukia. Na hata pasipokuwa na mgonjwa, kuna abiria waliokwama siku tatu, kuna mayai yanayoharibika, kuna mwajiri anayehesabu safari. Mwenzake ametoka akafika salama; yeye ataonekana mwoga?

Takwimu zinatueleza mahali njia hiyo inapoishia. Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa afya ya wafanyakazi nchini Marekani walikuta kwamba marubani wa kazi wa Alaska walikuwa wakifa kazini kwa kiwango cha karibu mara tano ya marubani wa Marekani kwa jumla. Wengi wao hawakuangushwa na injini iliyozimika. Walijitosa katika hali mbaya ya hewa, mawingu yakawafunika, wakagonga mlima au ardhi na ndege nzima.

Na msiba haujaisha. Alasiri ya Februari 6, 2025, ndege aina ya Caravan iliyotoka Unalakleet kwenda Nome ikiwa na abiria tisa na rubani mmoja ilitoweka. Kesho yake ilipatikana imevunjika juu ya barafu ya bahari. Wote 10 walikuwa wamefariki. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wawili waliokwenda kuhudumia mtambo wa maji kijijini. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilikadiria kwamba ndege hiyo ilikuwa imeupita uzito unaoruhusiwa katika hali ya kugandiwa na barafu kwa karibu nusu tani. Waokoaji walilazimika kuharakisha kuitoa miili, kwa kuwa ile barafu yenyewe ilikuwa inasogea baharini.

SHERIA YA SHOKA NA NDOANA

Watu wa Alaska wanajua kwamba kuanguka si lazima kuwe kufa, lakini kungojea kuokolewa kwaweza kuua. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, sheria ya jimbo iliamuru kila ndege ndogo ibebe chakula cha kumtosha kila mtu kwa juma moja, shoka, kisu, kiberiti au kiwasha moto, sanduku la huduma ya kwanza, vitu vya kutolea ishara, na ndoana na nyuzi za kuvulia samaki. Kila abiria aliwekewa wavu wa kujikinga na mbu usoni, maana kiangazi mbu wa huko wanaweza kumtia mtu wazimu. Kati ya Oktoba 15 na Aprili 1 viliongezwa viatu vya kutembelea thelujini na mfuko wa kulalia.

Serikali nayo imejitahidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimewekwa kamera za hali ya hewa, ambazo sasa ziko katika vituo zaidi ya 200. Badala ya kukisia, rubani hufungua picha ya njia ya mlimani, akaiona ilivyo dakika chache zilizopita. Bethel na vitongoji vyake ndivyo vilivyokuwa mahali pa kujaribia vyombo vinavyomwonyesha rubani ardhi na ndege nyingine kwenye kioo kilicho mbele yake, na ajali zikapungua.

Lakini kamera haiwezi kusema hapana kwa niaba ya mtu. Marubani wengi wa vijijini ni vijana. Tangu mwaka wa 2013 kampuni kubwa za ndege za Marekani hudai, kwa kawaida, saa 1,500 za kuruka kabla ya kumwajiri mtu, na Alaska ni mahali pa kuzipata upesi. Kijana huja, hukaa mwaka mmoja au miwili, akajifunza, akaenda zake kwenye ndege kubwa zenye mhudumu na kahawa. Wachache hubaki. Hao wanaobaki ndio wanaovijua vijiji, na ndio ambao mama mzee wa Kiyup'ik, akisikia ndege inanguruma juu, humtambua rubani kwa jinsi anavyogeuka kabla ya kutua.

Mambo haya si mageni kwetu. Sisi pia tuna Mandera, Lodwar na Wajir; tuna madaktari waendao kwa ndege tangu mwaka wa 1957; na tuna marubani wanaotua kwenye viwanja vya vumbi ambako punda na mbuzi hufukuzwa kwanza. Wao wana theluji, sisi tuna vumbi, lakini anayengoja chini akiitazama anga ni mama yule yule.

Tumwache basi rubani wetu pale Bethel. Amemaliza kupapasa mabawa, ameifungua picha ya kamera, na kijiji anachokwenda hakionekani. Abiria sita wanamtazama. Anavua kofia, anawaambia kwamba hawatoki. Wangoje, pengine saa nane kutakucha vizuri. Wananung'unika kidogo, kisha mmoja anamimina chai kutoka kwenye chupa na kuwagawia wenzake. Saa nane ukungu unainuka. Wanapaa, na kabla giza halijarudi wote wako nyumbani kwao. Wahenga wetu hawakuijua theluji, lakini waliposema kawia ufike, walikuwa wamemsemea na yeye.